Mbwa gani atulindie nyumba?

Bon, wapendwa. Wiki iliyopita kwenye kipindi tuliongea juu ya usalama wa nyumba, na mimi nikapitisha neno moja tu: kwetu tunabishana juu ya mbwa. Kipindi hakijaisha, ujumbe umeanza kuingia. "Chukua Malinois, maneno yaishe." "Mbwa ndani ya apartima? Sasa mmekuwa wazungu kabisa." "Kuna mbwa wa Kongo, mnatafuta wa wengine wa nini?" Na mama mmoja wa Liège ameniachia sauti ya dakika nne, ninyamaze nimsikilize. Nimemsikiliza, Mama. Niliahidi kujibu kwa maandishi, basi haya ndiyo majibu, na ni marefu kidogo. Chukueni chai.

Kwa wasiojua: tunakaa Chaussée d'Ixelles, katikati ya Porte de Namur na Place Fernand Cocq, ghorofa ya pili, juu ya duka. Basi 71 likipita, vioo vinatetemeka. Ukiingia Galerie d'Ixelles unatokea upande wa pili, Chaussée de Wavre, na hapo uko Matongé kabisa: samaki wa chumvi, pondu, vinyozi, na mtu anayekuita "mon frère" kabla hajajua unatoka wapi. Nyumbani tuko watano: Mama, yaya yangu na watoto wake wawili, na mimi.

Jumapili moja mwezi wa 3 tulikuwa wote misani. Tuliporudi, mlango ulikuwa umefunguliwa kwa chuma. Walichukua kompyuta. Walichukua saa ya Papa, ile aliyoacha. Na walichukua bahasha ya likelemba. Wanaojua likelemba wameshashika kichwa: Mama ndiye anayetunza pesa ya akina mama kumi, na mwezi ule haikuwa zamu yake, ilikuwa ya mwenzake. Pesa tuliilipa, mimi na yaya. Lakini kuanzia usiku ule, Mama alianza kusukuma meza ya jikoni mpaka mlangoni kabla ya kulala. Mama ana miaka zaidi ya sabini. Unamsikia saa tano za usiku, miguu ya meza inakwaruza sakafu: krrrr, krrrr. Asubuhi watoto wanaamka kwenda shule, meza iko mlangoni. Yule mdogo aliniuliza: "Tonton, tunajificha nani?"

Hapo ndipo neno la mbwa lilipoanza.

Malinois, mtoto wa hapa

Chaguo langu la kwanza lilikuwa lile lenu: Malinois. Tumekua tukimwona kwenye metro na Zaventem, masikio juu, pembeni ya polisi. Ni Mbelgiji kuliko sisi wote. Mwaka 1891, mwezi wa 9, watu walianzisha hapa Brussels klabu ya mbwa mchungaji wa Ubelgiji. Tarehe 15 mwezi wa 11 mwaka ule ule, profesa Adolphe Reul wa shule ya madaktari wa mifugo ya Cureghem, pale Anderlecht, alikusanya mbwa 117 ili kuangalia kama nchi hii ina mbwa mchungaji wake yenyewe. Walikuta mwili ni ule ule, ila manyoya yanatofautiana. Ndiyo maana leo wako wa namna nne: Malinois wa Malines, Laekenois wa Laeken, Groenendael, na Tervueren.

Mkongomani wa Brussels akisoma majina yale, anasoma ramani yake mwenyewe. Laeken ni kasri la mfalme. Tervuren ni kule kwenye jumba la makumbusho la Afrika, kule ambako mwaka 1897 Wakongomani 267 waliletwa kutazamwa na watu, na saba kati yao wakafa. Nilipomsomea yaya orodha, alinikata: "Tervueren hapana. Kule tulishaenda na shule."

Tukabaki na Malinois. Mwili si mkubwa wa kutisha: dume ana urefu wa sentimita 62 hivi begani, kilo 25 mpaka 30. Akili yake ndiyo kubwa. Anasikia, anakumbuka, anajifunza kabla hujamaliza kumfundisha. Jeshi la Marekani lilikwenda na mmoja, jina lake Cairo, usiku ule wa mwaka 2011 walipomvamia Osama bin Laden. Mimi nikajiambia: kama anaweza kazi ile, mwizi wa Ixelles ni kitu gani?

Nikampigia simu mzee mmoja anayefundisha mbwa. Hakuniuliza bei wala ukubwa wa nyumba. Aliniuliza: "Utampa kazi saa ngapi kwa siku?" Nikamwambia nitamtembeza saa moja. Akacheka. Akanieleza kwamba kutembea siyo kazi. Malinois anataka kutumwa, kutafuta, kukimbia, kufikiri, kila siku, hata ile Jumanne ya mwezi wa 1 mvua inanyesha na wewe umetoka kazini umechoka. Usipompa kazi, atajitafutia: atafungua kiti aone kina nini ndani, atakimbiza kila baiskeli, na watoto wakikimbia sebuleni atawachunga kama kondoo, kwa meno ya visigino. Hana ubaya, damu yake imetengenezwa hivyo. Baadaye nilipotembelea kituo cha mbwa walioachwa, nilielewa vizuri: Malinois vijana walikuwa wengi, wazuri, wenye afya, waliochukuliwa na watu kama mimi.

Halafu kulikuwa na Mama. Nilimwonyesha picha kwenye simu. Aliiangalia muda mrefu, akasema:

"Weye, mutoto mweusi, saa ine ya usiku mu barabara, na imbwa ya polisi mu mukono. Batu batasema nini?"

Nilitaka kumbishia. Nikajiona natelemka chaussée kuelekea Flagey, kofia ya koti kichwani sababu ya baridi, kamba mkononi, na watu wanavuka upande wa pili. Sikubisha. Kuna kijana atakayesema tusiishi kwa kuogopa macho ya watu, na ana haki. Lakini mbwa naye anasoma mambo yale. Kila anayekutana naye akijikaza na kuogopa, mbwa anajifunza kwamba watu ni hatari, na mbwa wa namna ile ndiye anayeuma.

Basenji, mtoto wa kwetu

Sasa nije kwenu mliosema "mbwa wa Kongo". Mna haki, yuko, na anajulikana dunia nzima: Basenji. Mdogo, mkavu, sentimita 40 mpaka 43, kilo 10 mpaka 11. Masikio yamesimama, mkia umejikunja mgongoni, na kipaji cha uso kina mikunjo kama mzee anayehesabu deni. Ni mwindaji wa misitu yetu. Anajilamba kama paka, na jike anapata joto mara moja tu kwa mwaka, wakati mbwa wengine wengi ni mara mbili. Waingereza walimchukua, wakamwonyesha London kwenye maonyesho ya Crufts mwaka 1937, na kutoka hapo akaenda kila mahali. Leo kwenye vitabu vya shirikisho la kimataifa la mbwa, lile la FCI lenye makao yake hapa hapa Ubelgiji, imeandikwa hivi: asili yake Afrika ya Kati, msimamizi wake Uingereza. Kama kawaida, mtoto ni wa kwetu, karatasi ziko kwao.

Na jina lake mmelisikia vizuri. Basenji. Shenzi. Pwani, mshenzi lilikuwa jina la mtu wa bara. Kwetu wakati wa ukoloni, basenji walikuwa watu wa kijijini, wale "wasiostaarabika", na upande wa pili walisimama wale walioitwa évolués. Mbwa akapewa tusi la watu kuwa jina lake, na likabaki.

Jioni ile nilipolitaja jina hilo jikoni, Mama aliacha kumenya viazi. Akatuambia kitu ambacho mimi na yaya hatukuwahi kukisikia.

Baba yake alikuwa karani Costermansville, ndiyo Bukavu ya leo. Mwaka 1948 serikali ya kikoloni ilileta kadi ya mérite civique, na mwaka 1952 ikaongeza immatriculation, kwa Mkongomani aliyetaka kuhesabiwa kama mtu "aliyeendelea". Karatasi hizo hazikutolewa ofisini tu. Watu walikuja mpaka nyumbani kuangalia unavyoishi. "Banafungua saani, banafungua shuka, banaangalia choo," Mama alisema. Yeye alikuwa na miaka mitano hivi. Nyumbani kulikuwa na mbwa wa kawaida tu, mwekundu, mkia umejikunja. Bibi ndiye aliyempa jina, siku majirani walipoanza maneno juu ya baiskeli mpya ya mume wake. Alimwita Batasema. Ukimwita mbwa jioni, kila mtu kwenye mtaa anapata ujumbe wake.

Wiki moja kabla ya wageni kufika, babu alimtoa Batasema. Alimpa mtu wa kijijini. Imbwa ya basenji mu lupango ya évolué, haiwezekane.

"Karata alipata," Mama akasema. "Imbwa haikurudia."

Akaendelea kumenya viazi. Mimi na yaya tukaangaliana. Miaka yote tulifikiri Mama hapendi mbwa.

Ningependa kuwaambia kwamba kesho yake tulinunua Basenji. Roho yangu ilitaka hivyo. Lakini safu hii inasaidia watu kuchagua, basi niseme ukweli wote. Basenji habweki. Si bubu, ana sauti yake, kitu kati ya kuimba na kulalamika, lakini ile "wau wau" ya kumwamsha mtu usingizini hana. Ndiyo maana kwetu wawindaji walimfunga kengele ya mti shingoni, wasije wakampoteza msituni. Sisi tulikuwa tunatafuta kengele, na huyu mwenyewe anafungwa kengele. Tena ni mwindaji: akiona njiwa upande wa pili wa chaussée, basi 71 yeye halioni. Na ukoo wake una ugonjwa wa figo unaoitwa Fanconi. Kipimo cha damu ya wazazi kipo. Ukimtaka, muulize mfugaji karatasi za kipimo, na akianza kuzungukazunguka, ondoka.

Mjomba wetu wa Bukavu aliposikia, alisema kwenye simu: "Minakutumia moya, tena ya bure!" Asante, Mjomba, lakini wapendwa msijaribu. Kongo haiko kwenye orodha ya nchi ambazo Umoja wa Ulaya unazipunguzia masharti ya kichaa cha mbwa. Mbwa awekewe chipu kwanza, halafu chanjo akiwa na wiki 12 au zaidi. Siku 30 baadaye apimwe damu kwenye maabara iliyokubaliwa, na kutoka siku ya kupimwa asubiri miezi mitatu. Piga hesabu: hawezi kuingia kabla hajafika miezi saba hivi, na kila karatasi iwe sawa. Ukimpitisha kwa mlango wa nyuma, anaweza kuwekwa karantini, kurudishwa, au kuuawa. Na kichaa cha mbwa si hadithi ya kutisha watoto. Kwetu kinaua mpaka leo, na mtu akishaanza dalili, dawa hakuna.

Kitu kimoja kidogo cha kufunga sura hii. Tangu mwaka 2011, hifadhi ya Virunga inatumia mbwa wa kunusa kufuata nyayo za majangili. Kati yao wako wale wa Saint-Hubert, mbwa wa Ubelgiji ambao asili yao inatajwa kuwa abasia ya Saint-Hubert, kule Ardennes. Yaani wa kwetu alikuja huku akaitwa mshenzi, na wa huku ameenda kwetu kulinda sokwe. Dunia.

Mweusi mdogo wa Brussels

Yule mzee wa kufundisha mbwa ndiye aliyenipa neno lililobadilisha mambo. Aliniuliza: "Unataka mbwa wa kuuma, au mbwa wa kusema?" Nikakaa kimya. Akanieleza kwamba mwizi wa apartima anataka haraka na kimya. Mbwa anayepiga kelele nyuma ya mlango amemnyima vyote viwili, hata kama ana ukubwa wa kuku. Mbwa wa kuuma anahitaji mwenye kumwongoza, na siku akikosea, anayeumwa mara nyingi ni mtoto wa nyumba, si mwizi. Watoto wadogo wengi wanaoumwa na mbwa, wanaumwa na mbwa wanayemjua, ndani ya nyumba.

Akanitajia Schipperke. Mbelgiji mwingine, mweusi tii, kilo nne mpaka saba kwa kawaida, uso kama mbweha, anakaa na masikio yamesimama siku nzima kama concierge. Anasimuliwa kwamba mwaka 1690 mafundi viatu wa Saint-Géry, hapa mjini, walifanya maonyesho ya mbwa hawa pale Grand-Place. Mwaka 1885 Malkia Marie-Henriette, mke wa Leopold II, akampenda mmoja, na mji mzima ukamtaka. Mwaka 1885, wasikilizaji. Mume wake mwaka ule alikuwa anajipatia kitu kikubwa zaidi.

Schipperke anabweka vizuri, na anabweka sana. Hilo ndilo deni lake. Kama majirani zako wanagonga ukuta ukipiga rumba saa mbili za jioni, fikiria mara mbili.

Maswali kabla ya jina

Nilichojifunza ni hiki: watu wengi, mimi wa kwanza, tunaanza na aina ya mbwa halafu tunatafuta sababu. Anza na nyumba yako. Kaeni mezani, wote, mjibu haya bila kudanganyana.

Nani yuko nyumbani mchana? Mbwa anayekaa peke yake saa tisa hakulindii kitu, anateseka tu, na jengo zima litakwambia.

Nani atamshusha saa kumi na mbili za asubuhi? Andikeni jina. "Sisi wote" maana yake ni Mama. Na kama hakuna lifti, hesabuni ngazi, kwa sababu mbwa mzito akizeeka mtambeba.

Watoto wana miaka mingapi? Mtoto wa miaka minne na mtoto wa mbwa wa wiki nane ni watoto wawili. Mbwa mkubwa aliyekwisha ishi na watoto ni rahisi zaidi, na tabia yake inaonekana tangu mwanzo.

Mkataba wa nyumba unasema nini? Someni kabla, si baada.

Pesa ya daktari iko? Kununua ndiyo sehemu ndogo. Chakula, chanjo na daktari vinaendelea miaka kumi na zaidi.

Sheria za hapa ni fupi, zijueni. Kila mbwa lazima awe na chipu na aandikwe kwenye DogID. Tangu 2009 maduka hayana ruhusa ya kuuza mbwa, basi anayekuuzia mtoto wa mbwa kwenye maegesho ya magari, chini ya wiki nane, bila karatasi, anakuuzia matatizo. Na mbwa akimwuma mtu, anayewajibika ni mwenye mbwa. Piga simu kwa bima yako ya familia, uulize kama mbwa yumo.

Wasikilizaji wetu Waislamu, hasa wa Mombasa na Zanzibar, wameniuliza pia. Mimi si shehe. Ninachoweza kusema ni kwamba hadithi zinaruhusu mbwa wa kulinda, wa mifugo na wa kuwinda, na kwamba kwa Mashafii, ambao ndio wengi pwani, mate ya mbwa ni najisi: chombo alichokilamba huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Kwenye apartima ya vyumba viwili hilo si jambo dogo. Muulizeni mnayemwamini, na msione haya kusema "sisi hatuwezi". Kusema hivyo kunamwokoa mbwa pia.

Na kabla ya yote haya: mlango. Sisi tulikuwa tunatafuta meno wakati kufuli yetu ilikuwa ya mwaka gani sijui. Polisi wa hapa wana mshauri wa kuzuia wizi. Unapiga simu, anakuja nyumbani, anaangalia mlango na madirisha, anakwambia cha kubadilisha, bure. Wetu alikaa dakika arobaini. Tulibadilisha kufuli, tukaweka bamba la chuma kwenye fremu. Na likelemba, wapendwa, sasa inapita benki. Akina mama walinuna, lakini inapita benki.

Aliyekuja

Mlango ukawa mgumu kuliko wa benki yenyewe. Lakini usiku: krrrr, krrrr. Meza bado.

Basi tukaenda kituoni, wote watano, Jumamosi mbili mfululizo. Mara ya kwanza Mama alibaki kwenye gari. Mara ya pili aliingia, akasimama mbali, mkoba kifuani. Walituonyesha mmoja mweusi, wa miaka sita, kilo tisa, kuna Schipperke ndani yake na kuna wengine ambao hakuna atakayewajua. Mwenye naye alikuwa mzee, akafariki. Alizoea ngazi, alizoea kelele za barabara, alizoea wajukuu. Yule wa kituo akatuambia kwamba si wa aina yoyote. Nikawatafsiria watoto kwa Kiswahili cha kitabu: mbwa wa namna hii anaitwa mbwa koko.

Sasa, mnajua Matongé. Watoto wa yaya, kama watoto wote wa hapa wenye kuchanganya Lingala, wanamwita bibi yao Koko. Wakaruka: "Mbwa wa Koko! Ni mbwa wa Koko!" Mama akashtuka: "Nani amesema ni yangu?" Lakini yule mbwa alikuwa amekwisha kaa kwenye miguu yake, mgongo umemgeukia, anaangalia mlango.

Ana miezi mitatu nyumbani. Nisiwadanganye, haikuwa sinema. Wiki mbili za kwanza alibwekea basi 71 kila lilipopita, na 71 linapita sana. Jirani wa juu alishuka mara moja kuongea, tukamtengenezea chai, tukaelewana. Mimi ndiye jina la saa kumi na mbili asubuhi, na ninatelemka naye mpaka vidimbwi vya Flagey nimefunga macho nusu. Mama hamgusi. Anasema mbwa ni mbwa. Lakini anajua lugha yake kuliko sisi. Akibweka mara mbili, Mama anasema bila kuinua kichwa: "Ni wa posta." Akibweka mfululizo: "Mugeni." Akinguruma kidogo tu na kulala tena: "Ni ule wa ghorofa ya tatu, amelewa."

Jina lilichelewa. Watoto walitaka Simba, yaya alitaka Bijou. Jioni moja Mama alikuwa anapika, akamwita kutoka jikoni bila kutuuliza: "Bamesema! Kuya!"

Wamekwisha sema. Mbwa akaenda.

Sikumbuki ni usiku gani hasa niliotambua kwamba sakafu imenyamaza. Niliamka saa saba kunywa maji, nikapita jikoni gizani, nikajigonga goti kwenye meza. Ilikuwa imerudi mahali pake. Mbwa alikuwa amelala kwenye kapeti ya mlangoni, akafungua jicho moja, akaniona ni mimi, akalifunga.

Kwa hiyo, kwenu mliouliza "mbwa gani?": yule anayetoshana na maisha yenu ya Jumanne, si ya ndoto yenu. Na mlango kwanza.

Mama wa Liège, sauti yako ya dakika nne tutaicheza kwenye kipindi kijacho, kama unaturuhusu. Wengine, tuandikieni: mbwa wa nyumbani kwenu, hapa au kule, aliitwa nani, na jina lile lilikuwa linamwambia nani? Tutaonana Alhamisi.